Intaneti ya jirani: Ni maji ya kisima au ni mali ya mtu?

Katika darasa langu la Maarifa ya Uislamu kuna swali ambalo hurudi kila mwaka, likiulizwa na wanafunzi tofauti, na kila anayeuliza huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba jibu analo tayari. Swali lenyewe ni hili: jirani yetu ana intaneti nyumbani kwake. Mawimbi yake yanafika hadi chumbani kwangu. Neno la siri nimelipata kwa mtoto wake. Je, nikiitumia ni wizi?

Majibu ninayoyasikia barazani ni mawili, na yote mawili hutolewa haraka mno. La kwanza ni la wenye pupa ya kuharamisha: ni wizi, basi, hakuna mjadala. La pili ni la wenye pupa ya kuhalalisha: hewa haina mwenyewe, na kinachopita hewani ni riziki ya kila mwenye simu. Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa huwezi kulihukumu jambo kabla ya kulifahamu. Nina wasiwasi kwamba wengi wa wanaotoa fatwa hizi, wa upande huu na wa upande ule, hawajawahi kujiuliza kile kisanduku chenye taa za kijani kinachokaa juu ya kabati la televisheni kinafanya kazi gani hasa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nivumilie kidogo tuanze na kisanduku.

Kampuni inapokuunganishia intaneti nyumbani, iwe kwa waya wa simu kama ilivyokuwa zamani, kwa mkongo au kwa mnara, inakuletea njia moja. Njia hiyo hutambulika kwa anwani ya namba. Anwani za mfumo wa zamani, ambao hadi leo bado unatumika sana, hazizidi bilioni 4.3 kwa jumla, idadi ambayo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani, na ilipofika Februari 2011 hazina kuu ya anwani hizo ilikuwa imekwisha kugawiwa yote. Waliouona upungufu huo mapema walibuni hila, na hapa neno hila nalitumia kwa wema. Mwaka 1994 ulichapishwa utaratibu wa kuifanya nyumba nzima au ofisi nzima itoke nje kwa anwani moja. Mwaka huo huo zikatengwa namba maalumu za matumizi ya ndani, zikiwemo zile ambazo ukifungua mipangilio ya simu yako ukiwa nyumbani huenda ukaziona zinaanza na 192.168. Ndani ya nyumba kila kifaa kina namba yake. Ruta, yaani kile kisanduku, inapokea maombi ya simu ya mama, ya kompyuta ya baba na ya televisheni ya watoto, inayatoa yote kwa anwani moja, na majibu yakirudi inajua hili ni la nani na lile ni la nani.

Maana yake ni nini? Ni kwamba ukiitazama kutoka nje, nyumba hiyo ni mtu mmoja. Siku hizi zipo kampuni zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, lakini kampuni huweka kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zikifuatwa mwisho wake ni jina lililoandikwa kwenye mkataba. Haziingii ndani zaidi ya hapo. Haziwezi kusema kwamba aliyeandika matusi yale saa nane ya usiku, au aliyemtapeli mtu fedha zake, alikuwa ni mwenye nyumba, ni mwanawe, au ni kijana wa nyumba ya nyuma.

Hili ndilo jambo ambalo anayeharamisha na anayehalalisha wote wawili hulisahau. Wanabishana juu ya data, megabaiti zimepungua au hazikupungua. Lakini anayeingia katika mtandao wa nyumba ya mtu, kabla hajatumia chochote, amekwisha kuvaa jina la mtu huyo.

Sasa nije kwenye hoja, maana zipo na zina uzito. Katika jengo tunaloishi Magomeni yupo mzee mmoja ninayemheshimu sana. Kwake yeye kuweka neno la siri kwenye ruta ni ubakhili wa wazi. Ananikumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambamo Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Ananikumbusha kisima cha Ruma pale Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, mpaka Sayyidna Uthman bin Affan (R.A) alipokinunua na kukifanya waqfu kwa watu wote. "Mwalimu," huniambia, "kisima cha leo ni hicho kisanduku chako." Na hapo huniuliza: matokeo ya Baraza la Mitihani mtoto anayaona wapi? Maombi ya mkopo wa chuo kikuu yanafanyika wapi? Anayemfungia mtoto wa jirani mtandao wakati wa maombi ya mkopo, ana tofauti gani na anayefunga kisima wakati wa kiangazi?

Nimeifikiria hoja hii kwa muda mrefu, na sehemu yake kubwa naikubali. Lakini kisa cha Ruma chenyewe hakimsaidii mzee wangu kama anavyodhani. Sayyidna Uthman alinunua kwanza, ndipo akatoa. Alitoa alichokimiliki. Aidha, mafakihi wametofautisha baina ya maji ya mto, ambayo hayana mwenyewe, na maji ambayo mtu amekwisha kuyateka na kuyatia katika chombo chake, ambayo ni mali yake na anaweza kuyauza. Sisi tunaolipa intaneti kwa mwezi hatukununua kisima. Tumekodi. Kisifiqhi huu ni mkataba wa ijara, mtu analipia manufaa kwa muda maalumu, na mwenye kitu anabaki kuwa mwenye kitu.

Katika ijara mlango haujafungwa kabisa. Mafakihi wengi wanamruhusu aliyekodi kumwachia mwingine manufaa yale, madhali matumizi ya huyo wa pili si mazito kuliko ya wa kwanza. Ila likiwepo sharti katika mkataba, mambo hubadilika. Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa Waislamu husimama juu ya masharti yao, na Qur'an (5:1) imeamrisha kutimiza mikataba. Basi, kabla ya kuuliza hadithi ya maji inasemaje, ni watu wangapi miongoni mwetu wamewahi kuusoma mkataba wa intaneti waliousaini? Mkataba niliousoma mimi ulisema wazi kuwa huduma ni ya nyumba moja na isiuzwe kwa wengine. Ambaye amesaini sharti hilo kisha akawagawia majirani watano kwa elfu kumi kumi kila mwezi, huyo si Uthman wa zama zetu. Ni mfanyabiashara asiye na leseni, na hapa Tanzania Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetoa huduma ya mawasiliano awe na leseni.

Wanafunzi wangu wana hoja nyingine, na aliyeileta mara ya kwanza nilimpa alama zote. Alisema: vitabu vya fiqhi vinaruhusu mtu kukaa kivulini mwa ukuta wa jirani yake, na kuona kwa mwanga wa taa yake, bila kumwomba ruhusa, kwa sababu mwenye ukuta na mwenye taa hawapungukiwi na kitu. Mawimbi ya Wi-Fi si ni kama mwanga wa taa unaotoka dirishani?

Tuliigeuza hoja hii darasani kwa vipindi viwili. Mwanga wa taa haupungui, lakini njia ya intaneti ina upana wake. Chukua nyumba yenye megabiti 10 kwa sekunde. Video moja ya ubora wa juu inahitaji takriban megabiti 5. Vijana wawili wa nje wakiangalia mpira kwa simu mbili, baba mwenye nyumba anayezungumza na binti yake aliyeko Muscat atasikia sauti inakatika katika asijue sababu. Hapo hakuna kivuli tena, ni mtu amelala kitandani kwa mwenyewe. Kwa upande wa pili, ni kweli pia kwamba binti anayesoma mitihani ya miaka iliyopita anatumia kiasi kidogo mno, ambacho hata mwenye nyumba akiwa macho hatakihisi. Kwa hiyo qiyasi ya taa inasimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili haupo, kwa sababu kivuli cha ukuta hakina saini. Ukikaa kivulini mwa ukuta wangu ukamtukana mpita njia, atakujua wewe. Ukimtukana kupitia ruta yangu, atanijua mimi.

Halafu kuna suala la mlango. Qur'an (24:27-28) imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na tuwatolee salamu wenyewe, na imetuamrisha kurudi tukiambiwa turudi. Neno la siri ni kitasa. Mtoto wa miaka tisa aliyekutajia neno la siri la baba yake hakukupa ruhusa, kwa sababu hakuwa nayo, kama ambavyo asingeweza kukuuzia kabati la baba yake.

Na mtandao usio na neno la siri je? Hapa ninatofautisha. Hotelini, uwanja wa ndege au msikitini, desturi ya watu inatosha kuwa ruhusa. Ama nyumba ya mtu, mlango ulio wazi bado ni mlango. Zamani ruta nyingi zilitoka kiwandani zikiwa wazi, na hata kitasa cha kwanza kilichowekwa, kile kilichoitwa WEP, wataalamu walionyesha mwaka 2001 kuwa kinavunjika kirahisi. Mpaka leo wapo wazee ambao mtandao wao uko wazi kwa sababu fundi aliyekuja kuufunga alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Kutojua kwa mtu si idhini yake.

Suala hili limewasumbua wengi duniani. Mwaka 2005 London, mtu mmoja alitozwa faini ya pauni 500 kwa kutumia mtandao wa Wi-Fi wa watu wengine bila ruhusa. Ujerumani walilitazama kutoka upande wa mwenye ruta: Mei 2010 mahakama yao ya juu katika mambo ya madai iliamua kuwa mwenye nyumba ambaye hakuulinda mtandao wake kwa neno la siri lake mwenyewe anaweza kubebeshwa gharama za onyo la kisheria, hata kama wimbo uliosambazwa kinyume cha haki ulisambazwa na mtu mwingine huku yeye akiwa likizo. Fidia ya wimbo hakutakiwa kuilipa. Miaka saba baadaye, mwaka 2017, walibadilisha sheria na kuwapunguzia mzigo huo wenye mitandao ya wazi, kwa sababu watu walikuwa wakiogopa kuwakaribisha hata wageni. Nimeitaja Ujerumani kwa makusudi, maana yule mzee wangu angefurahi kujua kuwa hofu nayo ina madhara yake. Kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta pasipo haki, na sidhani kijana wa chumba cha nyuma atapenda kuwa mtu wa kupimia sheria hiyo inafika wapi.

Mpaka hapa huenda mwenye ruta anatabasamu. Asitabasamu. Nimesema kuwa anayeingia bila idhini anakosea, sikusema kuwa anayenyima amepatia. Sura ya Al-Maun, ambayo watoto wetu wanaihifadhi kabla hawajajua kufunga viatu, inamalizia kwa kuwalaumu wanaonyima vyombo vidogo vya kusaidiana. Ibn Mas'ud (R.A) amesimulia kuwa Maswahaba zama za Mtume (S.A.W) walikuwa wakihesabu humo kuazimana ndoo na chungu. Ndoo na chungu! Vitu ambavyo mwenyewe akivitoa asubuhi vinarudi jioni. Sasa mtu ana mkongo ndani, njia imekaa bure kuanzia asubuhi anapokwenda kazini hadi jioni anaporudi, na binti wa jirani anakwenda mtaa wa tatu kutafuta kibanda cha intaneti akalipie saa moja ya kujaza fomu. Akiombwa, anasema ana wasiwasi na usalama. Usalama wa nini, na ruta yake huenda ina sehemu ya mtandao wa wageni ambayo hajawahi hata kuifungua?

Maana hila ile ya kuifanya nyumba nzima kuwa mtu mmoja ina upande wake wa pili. Ruta hiyo hiyo inaweza kugawanya ndani. Ruta nyingi za leo zinaruhusu kuweka mtandao wa wageni ambao aliyeko humo anakwenda nje lakini haoni kompyuta wala picha za familia. Nyingine zinaruhusu kuweka kikomo cha kasi kwa kila kifaa, na kuweka saa za kufunga. Mwenye kutaka kutoa bila kudhurika njia anayo.

Nieleze tulivyofanya sisi, si kwa kuwa ni mfano bora bali kwa kuwa tuliyapitia haya yote kwa vitendo. Kaya nne katika jengo letu tulitaka kugawana njia moja. Tulikwenda kwenye kampuni tukauliza waziwazi. Tukaambiwa kifurushi cha nyumbani ni cha nyumba moja, lakini kipo kingine cha jengo lenye kaya zaidi ya moja, na bei yake ni kubwa zaidi. Mmoja wetu akanong'ona kwamba tuchukue kile cha bei ndogo, nani atajua. Tulichukua kile kikubwa. Bei ikigawanywa kwa nne, bado kila mmoja analipa pungufu ya vifurushi vya simu alivyokuwa akinunua. Mkataba uko kwa jina langu.

Waya kutoka kwetu ghorofa ya pili hadi chini ni kama mita 30, na waya wa aina hii unafanya kazi vizuri hadi mita 100, kwa hiyo umbali haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa ukuta. Ndugu wa ghorofa ya kwanza hakutaka utobolewe upande wake. Yule mzee ndiye aliyemkumbusha hadithi ya Abu Hurayra (R.A) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, kwamba jirani asimzuie jirani yake kupachika ubao katika ukuta wake. Tundu la waya ni dogo kuliko ubao. Tukatoboa, tukaziba kwa saruji siku ile ile.

Mzozo halisi ulikuja mwezi wa tatu. Mama wa chini, mjane anayeuza maandazi, alishindwa kulipa sehemu yake. Mmoja akasema tumkatie, mkataba ni mkataba. Mzee akasema tuondoe maneno yote ya siri, kila mtu atumie, Mungu atalipa. Mimi sikukubaliana na yeyote kati yao. Kumkatia ni kumnyima binti yake aliye kidato cha sita, mwaka ambao anauhitaji mtandao kuliko sisi sote. Kuondoa maneno ya siri ni kumpa mtaa mzima jina langu, wakiwemo wasiomjua mjane huyo wala kumjali. Nikapendekeza sisi watatu tumlipie. Mama mwenyewe alikataa. Alisema hataki kuishi kwa sadaka ya kila mwezi ndani ya jengo moja na sisi, akaomba aambiwe kiasi anachoweza. Sasa analipa elfu tano, tunajazia iliyobaki, na binti yake anaingia kwa neno lake mwenyewe la siri, kama kaya nyingine yoyote.

Najua wapo waliotaraji makala hii iwe ya picha chafu. Hilo lina makala zake, na zimekwisha kuwa nyingi. Nitasema tu kwamba mwenye kugawa anaweza kuchuja, na uchujaji mwingine hauna gharama: mwaka 2020 Cloudflare walianzisha namba 1.1.1.3, ambayo ukiiweka kwenye ruta inazuia tovuti nyingi za aina hiyo kwa nyumba nzima. Si ukuta wa chuma. Kijana mwenye nia ataukwepa.

Linabaki swali la wale wanafunzi ambao tayari wamekwisha kutumia mtandao wa jirani, mwingine kwa miaka miwili. Haki ya Mwenyezi Mungu husamehewa kwa toba. Haki ya mja inahitaji umwendee mwenyewe. Nimekuwa nikiwaambia hivyo, wamwendee jirani, wamweleze, wamwombe halali yake, na kama wana chochote wakitoe. Wengi hucheka. Mwaka huu mmoja alikwenda. Jirani alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amemsamehe yote yaliyopita, akaikataa elfu kumi aliyokuja nayo. Usiku ule ule akabadilisha neno la siri, na jipya hakumpa. Kijana alirudi kwangu analalamika kuwa huo si msamaha. Nilimwambia jirani ana haki ya yote mawili, na kwamba kama bado anaihitaji intaneti, safari hii aende kuomba kabla.